Vibao vya juu ya bawa: kutoka VC10 mpaka Bombardier

Chukua ramani na rula, uchore mstari kutoka Nairobi hadi Dar es Salaam. Unapita jirani kabisa na Mnazi, kule tambarare chini ya milima ya Usambara, wilaya ya Lushoto, kwenye mashamba ya mkonge. Marubani hawafuati rula, najua, lakini historia ya usafiri wa anga wa Afrika Mashariki imepita kwenye anga ile.

East African Airways (EAA) ilianza 1946 na ndege za panga boi. Mwaka 1960 zikaja jeti za Comet, kisha 1966 Super VC10. Hapo ndipo vibao vinaitwa spoila vinaingia kwenye hadithi yetu.

Wengi tunadhani kazi ya bawa ni kubeba tu. Kumbe ndege yenye kasi ina shida nyingine: kuacha kubebwa, tena kwa wakati wake. Spoila ni vibao vilivyolala juu ya bawa. Rubani akizungusha usukani kushoto, vya bawa la kushoto vinainuka na kuvuruga hewa iliyokuwa inateleza pale. Bawa hilo linapoteza sehemu ya nguvu ya kunyanyua, linashuka, ndege inainama na kukata kona.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na aileroni peke yake, yaani kile kibao cha ukingo wa nyuma, karibu na ncha ya bawa. Lakini bawa la jeti ni refu na jembamba. Kwenye kasi kubwa aileroni inaweza kulipinda bawa lenyewe, na rubani asipate kona aliyoitaka. Spoila zinakaa karibu zaidi na mwili wa ndege, mahali bawa lilipo nene na gumu.

Zikiinuka pande zote mbili angani, ndege inapunguza mwendo na kushuka. Zikiinuka baada ya kutua, uzito wote unalala kwenye magurudumu. Bila hivyo breki hazina cha kushika. Inua gurudumu la baiskeli juu ya ardhi, kisha kamata breki utakavyo, uone kama itakusaidia kitu!

Wakati ndio kila kitu. Tarehe 5 Julai 1970, DC-8 ya Air Canada ilikuwa inatua Toronto. Rubani msaidizi akazifungua spoila ikiwa bado angani, futi 60 hivi. Ndege ikaanguka kwenye njia ya kurukia, ikapaa tena huku injini imechomoka na moto unawaka. Watu wote 109 walikufa.

Na sisi tulikuwa na msiba wetu. Tarehe 18 Aprili 1972, Super VC10 ya EAA iliyotoka Nairobi kwenda London ilikuwa inaruka Addis Ababa. Ikagonga kitu kigumu njiani, tairi la mbele likapasuka, rubani akaamua kusimama. Haikusimama. Ilipitiliza mwisho wa njia, na kati ya watu 107, 43 wakafa. Uchunguzi ulikuta sehemu ya mfumo wa breki ilikuwa imeunganishwa vibaya. Sisi waandishi tungeandika "breki zilifeli" na kwenda kunywa chai, lakini hapo kuna mkono wa fundi. Spoila inaweza kuulaza uzito kwenye magurudumu, lakini haiwezi kurekebisha breki iliyofungwa kinyume.

EAA ilikufa 1977 pamoja na Jumuiya. Machi mwaka huo likazaliwa Shirika la Ndege Tanzania, na baadaye likapata Boeing 737-200, nazo zenye spoila. Bombardier Q400 zilizokuja 2016 ni za panga boi, lakini spoila wanazo vilevile, za kusaidia kona na za kutulia chini. Tatizo ni kwamba bawa la Bombardier liko juu ya madirisha, huvioni. Panda Airbus A220, zilizoanza kuja Desemba 2018, kaa dirishani nyuma ya bawa, na magurudumu yakigusa lami utaviona vinasimama vyote kwa pamoja.