Timu ya softiboli ya watoto Marekani: Isajiliwe wapi?

Wasichana 12 wamepatikana, sare zipo, uwanja wa mazoezi upo. Linalobaki ni swali ambalo wazazi wengi waliohamia Marekani hawalitarajii: timu isajiliwe kwa nani?

Softiboli ya watoto nchini humo haina mwenye nyumba mmoja. Kuna vyombo kadhaa, kila kimoja na ada yake, sheria zake, bima yake na mashindano yake. Timu isiyosajiliwa na chombo husika hairuhusiwi kucheza mashindano yake, na mara nyingi hata uwanja wa manispaa haipewi.

Vyombo vyenyewe

Kikongwe ni USA Softball cha Oklahoma City. Kilianza 1933 kwa jina la ASA, na ndicho kinachotambuliwa na kamati ya Olimpiki ya Marekani. Timu ya taifa iko chini yake.

USSSA, chenye makao Florida, kilianza 1968 na mashindano yake ya wikiendi yametapakaa majimbo mengi. PGF kinajulikana kwa timu za ushindani mkali, na mashindano yake makubwa ya kiangazi huchezwa Huntington Beach, California. Little League, chenye softiboli tangu 1974, ni cha mtaani zaidi: mtoto anacheza ligi ya eneo anakoishi au anakosoma, hazunguki majimbo.

Nani bora? Swali hilo halina jibu, na kocha anayejibu haraka huenda anapigia debe chombo alichokizoea.

Anza na umbali

Jambo la kwanza ni kujua timu za jirani zinacheza wapi. Kuna majimbo ambako karibu kila wikiendi kuna mashindano ya USSSA ndani ya mwendo wa saa moja, na ya USA Softball ni ya kutafuta. Kwingine ni kinyume. Petroli, chakula na hoteli vinaweza kula hela kuliko ada ya usajili yenyewe.

Kuhusu hoteli, soma masharti vizuri. Baadhi ya waandaaji hulazimisha timu zinazotoka mbali kulala kwenye hoteli walizozichagua wao, la sivyo hazichezi. Mzazi mwenye shangazi mjini huko asidhani ameokoa pesa.

Bima ndiyo kiini

Hapa ndipo familia huumia. Bima ya ajali inayokuja na usajili kwa kawaida ni ya ziada. Binti akivunjika mkono, hospitali hudai kwanza bima ya afya ya familia, halafu ile ya timu huangalia kilichobaki. Na kuna kiasi cha mwanzo ambacho mzazi hulipa mfukoni kabla bima ya timu haijatoa chochote. Kwa familia isiyo na bima ya afya, kiasi hicho ndicho cha kuuliza kwa dola kamili, kabla msimu haujaanza.

Swali la pili: bima inafunika nini? Mazoezi ya Jumanne je? Mechi ya kirafiki? Mashindano ya chombo kingine? Timu inaweza kusajiliwa kwa A, ikaalikwa kwenye mashindano ya B, na ajali ikitokea huko ikabaki mikono mitupu. Jibu litolewe kwa maandishi. “Usijali, mko sawa” ya kwenye simu haitoshi.

Kuna pia bima ya dhima, yaani ile inayolipa timu ikidaiwa kwa madhara ya mtu mwingine. Wenye viwanja hutaka cheti chake chenye jina lao kabla ya kufungua geti.

Umri na gongo

Madaraja huitwa 10U, 12U, 14U na kuendelea: 12U ni miaka 12 au chini ya hapo. Lakini miaka 12 kufikia tarehe ipi? Chombo kikihesabu kufikia 1 Januari na kingine kufikia 1 Septemba iliyotangulia, binti aliyezaliwa Novemba anaweza kuwa 12U huku na 14U kule, msimu huohuo. Si jambo dogo. Katika 12U mrushaji husimama futi 40 kutoka kwa mpigaji, na katika 14U ni futi 43. Anayepanda daraja hukutana pia na wasichana wenye nguvu zaidi.

Gongo la kupigia nalo lina mambo yake. USA Softball wana alama yao ya uthibitisho, USSSA wana yao yenye picha ya kidole gumba. Mengine yana alama zote mbili, mengine moja tu. Magongo ya daraja la juu yanazidi dola 300, kwa hiyo chagua chombo kwanza, dukani baadaye.

Nani anakaa na watoto?

Tangu 2017 kipo kituo cha kitaifa kinachoitwa SafeSport, kinachochunguza unyanyasaji kwenye michezo iliyo chini ya mfumo wa Olimpiki. USA Softball wamo ndani yake, na orodha ya waliofungiwa iko wazi mtandaoni, hata kwenye simu. Vyombo vingine vinavyoshindanisha timu za majimbo mbalimbali vinabanwa na sheria ya 2018 inayotaka tuhuma za unyanyasaji wa mtoto ziripotiwe ndani ya saa 24, ila kituo hicho hakina mamlaka ya moja kwa moja juu yao. Kwa hiyo uliza: makocha wote wamekaguliwa rekodi za uhalifu, au kocha mkuu peke yake?

Skauti wasubiri

Wapo wanaochagua chombo ili binti aonwe na vyuo vikuu. Kwa timu ya 10U huo ni mbio za bure. Tangu 2018, makocha wa softiboli wa vyuo vya daraja la kwanza hawaruhusiwi kuzungumza na mchezaji kuhusu kumsajili kabla ya 1 Septemba ya mwaka wake wa tatu wa sekondari.

Kitu kimoja zaidi, kwa familia zilizofika kama wakimbizi. Watoto wengi wameandikiwa 1 Januari kama tarehe ya kuzaliwa, na siku moja hiyo inaweza kuamua daraja. Chombo hufuata kilichoandikwa kwenye hati, kwa hiyo waulizwe mapema wanakubali hati zipi, kabla orodha ya wachezaji haijafungwa.