Uzio Unaooza: Historia Fupi ya Nyua za Kwale

Neno "ua" lina maana mbili. Kuna ua la mti, wingi wake maua. Halafu kuna ua wa nyumba, wingi wake nyua. Huu wa pili ndio ninaoutaka leo. Ni ile sehemu ya nyuma penye mafiga, kamba ya nguo na mtungi wa maji, na wakati huohuo ni ule wigo unaoizunguka. Yaani Kiswahili hakikuona haja ya kutenganisha kinachozungushia na kinachozungushiwa. Ukijenga ua, tayari umepata ua.

Sasa pita barabara ya Diani kutoka Ukunda ukielekea Galu. Kushoto, upande wa bahari, utakuta kuta za matumbawe yaliyokatwa mraba, geti refu, nyaya za umeme juu, na askari wa kampuni ya ulinzi aliyeketi kwenye kiti cha plastiki. Katikati ya kuta hizo, hasa kwenye mikahawa na nyumba za kukodisha wageni, siku hizi utaona kitu kingine: mianzi. Mingine imepasuliwa ikafumwa kama jamvi, mingine imesimamishwa mizima, mingine imekuja kwa roli ikafungwa juu ya waya. Inapendeza kwenye picha. Na kila mwenye kaploti kake anauliza swali moja: mita ni pesa ngapi, na itakaa miaka mingapi?

Ni maswali mazuri. Lakini kuna lingine linalofaa kutangulia, na pwani hii imelijibu kwa njia tofauti kila zama: huo ua unauweka ili ukufanyie nini?

Jibu la zamani zaidi tulilonalo Kwale liko msituni. Kaya za Wamijikenda zilikuwa vijiji vilivyofichwa ndani ya misitu minene, vikifikiwa kwa njia nyembamba zenye malango. Kulikuwa na boma za miti, lakini uzio mkubwa ulikuwa msitu wenyewe. Langoni au katikati ya kaya palizikwa fingo, ile kinga ya jamii. Kwa hiyo ua wa kaya ulikuwa na tabaka tatu: miti iliyoota, miti iliyokatwa, na kiapo. Watu walipohamia mashambani kidogokidogo, boma zikaoza, lakini msitu ukabaki kwa sababu mwiko wa kuukata ulibaki. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia, na Kaya Kinondo, kusini tu mwa Diani, ni mojawapo. Ukienda leo bado utafungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia. Hakuna ukuta pale. Lakini jaribu kuvunja tawi uone.

Huko kijijini kwenyewe, nje ya kaya, ua ulikuwa wa mnazi. Hapa lugha imetunza ufundi vizuri kuliko makumbusho. Makuti ya viungo ni yale yanayoshonwa kwenye fito kwa ajili ya paa. Makuti ya kumba ni kuti zima lililosukwa, na kazi yake kubwa ilikuwa kuzungushia ua. Vijiti vya kulishikilia vilitoka mikokoni, navyo vilikuwa na majina kulingana na unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Mikoko hiyohiyo ilipakiwa majahazini kwenda Ghuba ya Uajemi kwa karne nyingi, na upana wa vyumba vya kule uliamuliwa na urefu wa boriti za huku.

Usidhani ilikuwa shida ya umaskini. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliandika kwamba misikiti yake ilijengwa kwa mbao, na kwa ustadi. Wareno wa Almeida walipoiteketeza Mombasa mwaka 1505, walikuta nyumba za mawe zimeegemewa na vibanda vya miti na makuti, na moto ukapata njia hapo. Mawe yalikuwepo, Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapomwagikia baharini, ni ushahidi wa karne nyingi. Jiwe liliwekwa msikitini, makaburini na kwenye majumba ya wenye mali. Ua wa kawaida uliachiwa kuti.

Na kuti huoza. Hilo ndilo jambo la msingi. Jua, mvua ya masika, mchwa: baada ya misimu michache ua umejaa matundu. Ukitaka kuusuka upya lazima usimame mpakani, na jirani atatoka kukuangalia. Atasema, "Bwana, mbona mwaka huu umesogea?" Mtabishana, mtacheka, au mtamwita mzee. Mpaka ulikuwa mazungumzo yanayorudiwa. Tena ua wa kuti ulikuwa wa stara, haukuwa wa kuzuia mwizi. Mama anaweza kupika na kuoga bila kuonekana, lakini sauti inapita. Unasimama nje, unapiga hodi, unaitikiwa karibu. Hodi haipiti ukuta wa futi kumi. Hapo unahitaji kengele, na mtu wa kulipwa wa kuamua kama unafaa kuingia.

Ukuta ulikuja na karatasi. Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki kwa ukanda wa pwani. Kila mwenye kudai ardhi alitakiwa ajitokeze athibitishe. Isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Mfalme wa Uingereza. Waliokuwa na nyaraka, mawakili na wajuaji wa ofisini walipata. Wadigo wengi, ambao haki yao ilikuwa kwenye minazi waliyopanda na makaburi waliyozika, hawakutambuliwa. Ndiyo asili ya lile neno la ajabu unalolisikia Kwale mpaka leo: skwota, likimhusu mtu ambaye babu wa babu yake kazikwa hapohapo. Baada ya uhuru, hoteli zikafuata, na viwanja vya ufuoni vikawa zawadi za kisiasa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kiholela nchini, fuo zikiwemo.

Jiwe halina haja ya kuulizana. Ukishajenga, mabishano yamekwisha, hata kama hukuwa na haki. Katiba ya 2010, Ibara ya 62, inasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Sawa. Lakini utaifikiaje kama kuta zimepangana kama meno? Mvuvi wa Mwaepe au Mvuleni anahitaji njia ya kufika dikoni na ndoo yake ya samaki. Kila kinjia kinachozibwa kinamwongezea mwendo, na samaki haungoji.

Hata mbega wa Diani walipata taabu. Msitu wao ulikatwa vipande na barabara, nyumba na nyaya, na tangu 1997 kuna shirika la Colobus Conservation linalowatundikia madaraja ya kamba juu ya lami. Fikiria: mnyama kajengewa njia ya kuvuka. Binadamu bado anatafuta yake.

Turudi kwa mianzi. Kwanza ujue si mti, ni jamii ya nyasi. Mwanzi wa asili wa Kenya ni wa baridi, unaota Aberdare, Mau, Mlima Kenya na Elgon, na tangu 1986 kulikuwa na marufuku ya kuukata kwenye misitu ya serikali. Mwaka 2020 serikali iliutambua mwanzi kama zao la biashara, ndipo mashamba yakaanza kuzungumziwa kwa sauti. Pwani huota aina za kigeni zinazovumilia joto, kwa vichaka. Roli nyingi za madukani nazo zimesafiri mbali, hata kutoka China. Mikoko yetu, kwa upande wake, ilipigwa marufuku kuuzwa nje mwaka 1982, na pale Gazi wanakijiji wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakiuza hewa ya kaboni tangu 2013 kwa kuiacha isimame. Kwa hiyo ua wa fito za mkoko si chaguo tena, na tusiulilie.

Ukichagua mwanzi, chagua uliokomaa, miaka mitatu kwenda juu. Mchanga una wanga mwingi, na wanga ndio chakula cha dumuzi. Ukiona vitundu vidogo na unga mweupe chini yake, usinunue hata kwa bei ya bure. Uliza kama umelowekwa kwenye boraksi na asidi ya boriki. Ni dawa nzuri, lakini mvua huiosha, kwa hiyo ua wa nje unahitaji pia kijipaa juu au vanishi ya kila mwaka. Usiuchimbie mwanzi ardhini. Udongo na mchwa wataumaliza upesi. Weka msingi wa mawe, nguzo za mvinje, halafu uning'inize mianzi iachane na udongo. Mvinje unalimwa na wakulima hapahapa, na unapunguza kiu ya mikoko. Waya mwembamba wa roli utaliwa na chumvi ya bahari kabla ya mwanzi wenyewe, basi funga kwa kamba ya makumbi ya nazi. Na acha nafasi kati ya mwanzi na mwanzi. Kusi ikivuma, ua ulioziba kabisa hugeuka tanga.

Ukiyafanya yote hayo, bado utaoza. Muuzaji atakuambia huo ni udhaifu, kisha akuelekeze kwenye tofali. Mimi nasema hiyo ndiyo sababu ya kuuchagua. Kila baada ya miaka michache utalazimika kutoka nje na nyundo, na jirani atatoka kukutazama. Kama unataka stara, mianzi inatosha, na hata makuti ya kumba yanatosha kwa bei nafuu zaidi. Tafuta mama anayesuka, wapo. Kama unataka kuzuia watu wasifike baharini, hapo hakuna panda la mwanzi litakalokufaa, na shida yako si uzio.

Kabla ya kumlipa fundi, basi, nenda na ramani kwa majirani. Waulize njia ya zamani ya kwenda dikoni ilipita wapi. Mara nyingi wazee wataionyesha kwa kidole: kutoka mbuyu ule mpaka mnazi ule. Ikiwa inakatiza kiwanja chako, anzia ua wako hatua mbili ndani. Utapoteza ardhi kidogo, na watu watapita na ndoo zao alfajiri, wakikusalimia kupitia matundu.