Wenyewe Walifukuzwa, Chapati Ikabaki

Makala ya wiki hii tumeandika sisi wa jikoni. Msicheke, ni historia kweli.

Jumamosi tulishuka Kikuubo kununua unga. Kwa ambao bado hamjafika: Kikuubo kwa Kiganda ni uchochoro, na kweli ni njia nyembamba karibu na Old Taxi Park, yenye maduka ya jumla pande zote mbili. Unga, sukari, chumvi, sabuni, mafuta ya kupikia, vyote viko pale. Ukisimama kidogo tu, mbeba mizigo anakupigia kelele umpishe. Wafanyabiashara wanatoka hadi Sudan Kusini na Congo kuja kununua hapo, ndiyo maana baadhi yetu tulipofika Kampala, Kiswahili cha nyumbani tulikisikia kwanza Kikuubo.

Tulichukua unga wa ngano na mafuta. Viazi, karoti na dania tukapata Owino, jirani tu. Tulitaka kupika chapati yenye mboga ndani, ile ambayo Wahindi wanaiita paratha. Ya viazi wanasema aloo paratha, aloo maana yake kiazi.

Kabla hata maji hayajachemka, ubishi ukaanza. Mmoja akasema hiyo si chapati. Dada yetu kutoka Somalia akasema, mbona hii ni sabaayad tu, kwao wanakanda hivyo hivyo. Basi tukaamua kufuatilia.

Kumbe sisi sote tumezoea jina ambalo si lake. India, chapati ni mkate mwembamba wa unga na maji, unaiva kwenye chuma kikavu bila mafuta. Ule unaopakwa mafuta, ukakunjwa, ukasukumwa tena ili utoke matabaka, ndio paratha. Kwa hiyo hii ya Afrika Mashariki tunayoita chapati ina jina la mkate mmoja na mwili wa mwingine. Ni kama jina lako likiandikwa vibaya kwenye kadi ya ukimbizi: mwanzo unakasirika, baadaye unaitika.

Nani aliileta huku? Pwani, watu wa Gujarat walifanya biashara karne nyingi. Bara, mambo yalibadilika na reli. Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901. Walileta wafanyakazi wapatao 32,000 kutoka India, wengi wao kutoka Punjab, na Punjab ndiko paratha ya kujazwa inapendwa sana. Karibu 2,500 walikufa kwenye kazi hiyo. Wengi waliobaki hai walirudi kwao, kama 6,700 wakabaki. Nyuma yao wakaja wenye maduka, hasa kutoka Gujarat. Anayekumbukwa zaidi ni Allidina Visram, mzaliwa wa Kutch, aliyefungua maduka kufuata njia ya reli mpaka Kampala.

Walikuja na maneno yao pia. Sigiri tuliyopikia ni neno la Kihindi. Kachumbari, achari, gari, hata laki ya pesa, vyote vimetoka huko.

Sasa tusidanganyane, haikuwa hadithi tamu tu. Mkoloni alipanga watu kama ngazi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Biashara kubwa ya pamba na maduka ya mjini haikuwa mikononi mwa Waafrika. Mwaka 1959 Buganda walisusia maduka ya Wahindi, na hasira ile ilikuwa na mzizi.

Lakini hasira yenye sababu inaweza kushikwa na mtu mbaya. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kwamba Wahindi waondoke, akawapa siku 90. Wengi walikuwa wamezaliwa hapa. Wengine walikuwa raia kabisa wa Uganda, na karatasi zao zikakataliwa. Zaidi ya 27,000 walienda Uingereza, maelfu wakaenda Canada. Waliobaki bila nchi yoyote, Umoja wa Mataifa uliwatafutia kambi za muda Ulaya. Huko Uingereza wengi walianzia kwenye kambi za zamani za jeshi. Mji wa Leicester ulilipia tangazo katika gazeti la hapa Kampala kuwaambia wasije, na bado wengi walienda.

Mmoja wa waliofukuzwa ni Profesa Mahmood Mamdani. Aliishi kambini London, akaandika kitabu kuhusu mtu anavyotoka uraia akaingia ukimbizi. Baadaye alirudi, akafundisha Makerere.

Tuliposoma hapo jikoni pakawa kimya. Siku 90, foleni, karatasi iliyokataliwa: hayo tunayajua bila kusoma. Hatukujua kwamba watu waliotuletea chapati waliyapitia, tena kutoka mji huu huu ambao sisi tumekimbilia.

Na waliobaki walipata nini? Maduka yaligawiwa askari na watu wa karibu na serikali. Wananchi wakawapa matajiri hao wapya jina la Kiswahili: mafuta mingi. Lakini mafuta yenyewe yalipotea dukani, pamoja na sukari, chumvi na sabuni, mpaka magendo yakawa ndiyo njia ya kuishi. Miaka ya 1990 serikali ya Museveni ilirudisha mali nyingi, na baadhi ya wenyewe wakarudi.

Chapati haikwenda popote. Hapa Kampala waliikata vipande wakachanganya na maharage, wakaiita kikomando. Waliiviringisha na mayai, ikawa rolex, iliyopata umaarufu Wandegeya kwa wanafunzi wa Makerere. Leo ni chakula cha Uganda, na hakuna anayebisha.

Haya, jinsi tulivyopika. Unga vikombe vitatu, chumvi, kijiko cha mafuta, maji ya uvuguvugu. Kanda mpaka ulainike, ufunike nusu saa. Chemsha viazi vinne, viponde, uviache vipoe kabisa. Weka kitunguu kilichokatwa vidogo sana, karoti iliyokwaruzwa, pilipili, bizari nyembamba, manjano kidogo na dania. Ukitumia kabichi, itie chumvi kwanza kisha ikamue, maana maji ndiyo yanapasua unga.

Gawa madonge manane. Sukuma donge liwe kama kiganja, katikati nene, pembeni nyembamba. Weka mboga, kusanya kingo juu kama unavyofunga mdomo wa mfuko, bana, geuza, sukuma taratibu. Sisi hatuna mti wa kusukumia, tulitumia chupa ya soda. Weka kwenye chuma cha moto bila mafuta, geuza, ndipo upake mafuta pande zote.

Tatu za kwanza zilipasuka kwa sababu tuliweka viazi vingali na joto. Ya nane tuliijaza lengalenga iliyobaki jana, ile ambayo Waganda wanaita doodo na watu wa pwani mchicha. Hiyo ndiyo iliyogombaniwa.

Ndugu zetu mnaofanya kazi za misaada, tuna neno moja. Sheria ya wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, na wengi wetu wa mjini tunajitafutia chakula wenyewe. Mnapopanga mafunzo, tuulizeni kwanza tunajua nini tayari. Wengine mikono yao inajua kukanda tangu utotoni. Kinachokosekana ni mtaji wa unga, kibali, na mahali pa kuweka sigiri.

Na nyie vijana wenzetu, mtu akikwambia mgeni hana alichokileta, usigombane naye. Mkaribishe chapati, kisha mwulize ilifikaje Kampala.

Nyumbani kwenu mngejaza nini? Sombe, maharage, nyama? Tuandikieni. Jumamosi ijayo tunashuka tena Kikuubo, unga umeisha.