Mwana Mkisi, Gongwa na Thenashara Taifa

Thenashara Taifa, yaani muungano wa mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, ni taasisi iliyojengwa juu ya swali la nani mwenyeji wa kisiwa, na kila swali hilo linapoulizwa jina linalotajwa mwanzo ni la mwanamke, malkia Mwana Mkisi, ambaye mapokeo ya wenyeji humtambua kuwa ndiye aliyeuasisi mji wa Gongwa, uitwao pia Kongowea, kabla ya Uislamu kuwa dini ya watawala wake. Neno "mwana" hapa halina maana ya mtoto, bali ni lakabu ya heshima waliyopewa wanawake wa daraja la juu pwani, kama lilivyo katika jina la mshairi Mwana Kupona.

Mapokeo hayataji mwaka, lakini ardhi imeyaunga mkono kwa kiasi kikubwa. Mwaka 1976 uchimbaji wa kiakiolojia uliofanywa na Hamo Sassoon katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani ulidhihirisha kwamba watu waliishi hapo tangu yapata mwaka 1000. Mwanajiografia Al-Idrisi, aliyeandika mwaka 1154 akiwa Sisili na ambaye hakuwahi kufika pwani hii, alisikia habari za mji huu, mji wa watu wachimbao chuma na wawindao wanyama wakali kwa mbwa wekundu, mji ambao mtawala wake alilindwa na askari waendao kwa miguu kwa kuwa wanyama wa kupanda hawakuishi huko. Gongwa ya Mwana Mkisi yafaa ifikiriwe kwa sura hiyo: mji wa wahunzi, wawindaji na wavuvi, usio na ngome.

Baada yake alikuja Shehe Mvita, Mwislamu anayesifiwa kwa elimu na kwa kujenga msikiti wa kwanza wa mawe kisiwani, na jina lake ndilo lililoupa mji jina la Mvita na lahaja yake jina la Kimvita. Wako wanaoyasoma mapokeo haya kana kwamba mwanamume alikuja kumfuta mwanamke, na usomaji huo ni wa haraka mno, kwa sababu wazee walioyahifadhi hawakumwondoa malkia katika nasaba ya mji, na washairi wa Mvita, Muyaka bin Haji akiwa miongoni mwao, waliendelea kuunasibisha mji naye karne nyingi baadaye. Wala utawala wa mwanamke haukuwa kioja pwani: Malkia Fatuma wa Unguja ndiye aliyewapelekea chakula Wareno waliozingirwa ndani ya ngome yao ya Mombasa, Fort Jesus, kati ya 1696 na 1698.

Mji wa Mombasa uliteketezwa na Wareno mwaka 1505, na mwishoni mwa karne hiyo ukoo wa Shehe Mvita ulipoteza utawala, nafasi yake ikashikwa na watawala kutoka Malindi. Hapo ndipo mataifa yalipozidi kuwa nguzo ya mji. Thelatha Taifa, yaani mataifa matatu, yalikuwa Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, hawa wa mwisho wakiwa na asili yao bara ya magharibi, ng'ambo ya mkono wa bahari wa Makupa, upande iliko Kibarani ya leo, ambako kabla ya tuta kujengwa mtu alivuka kwa miguu maji yapwapo. Tisa Taifa yalikuwa Wamvita, Wajomvu, Wakilifi, Wamtwapa, Washaka, Wapate, Wapaza, Wabajuni na Wakatwa. Kila upande ulikuwa na tamimu, yaani kiongozi mkuu aliyeusemea mbele ya watawala wa kigeni, na ingawa pande hizo mbili zilihasimiana mara nyingi, watu wa Mombasa waliweza kuwatimua Wareno mwaka 1729.

Malkia hakuacha ngome wala maandishi, na jambo hilo lisichukuliwe kuwa upungufu, kwani alichoacha ni jina ambalo wageni walioingia kisiwani walilazimika kujinasibisha nalo ili wahesabiwe wenyeji. Kongowea leo ni jina la soko kubwa la bara ya kaskazini, na kila alfajiri makanga wa matatu zinazovuka daraja la Nyali hulinadi jina la mji wa Mwana Mkisi.