Mzabibu Uliodharauliwa



Juma hili tutafakari pamoja historia ya mzabibu mmoja. Wahispania walipovuka bahari kwenda Amerika katika karne ya 16, walichukua vipando vya zabibu nyekundu iitwayo Listán Prieto. Walitaka divai ya mezani. Na mapadre walihitaji divai ya altare, maana pasipo divai hakuna Misa. Mzabibu huo ukaenea Meksiko, Peru na Chile. Huko California, Wafransisko walioanza misheni zao mwaka 1769 waliupanda, hata watu wakaiita zabibu ya Misheni. Nchini Chile iliitwa País, yaani "nchi".

Kwa karne tatu hivi wakulima wa Chile waliitegemea. Lakini mwaka 1851 Silvestre Ochagavía alileta mizabibu kutoka Ufaransa, na wenye mali wakaifuata. País ikaachiwa wakulima wadogo wa Maule, Itata na Bío Bío. Divai yao, pipeño, ikahesabiwa kinywaji cha maskini, na zabibu zao zikanunuliwa kwa bei ya kutupa. Mashamba mengi yakageuka misitu ya misonobari. Wahenga walikwisha kutuonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Mwaka 2007 watafiti wa Hispania walichapisha vipimo vya vinasaba vilivyothibitisha kwamba País na zabibu ya Misheni ni ileile Listán Prieto, ambayo kwao Hispania ilikuwa karibu kutoweka, ikisalia Visiwa vya Canary. Katika miaka hiyohiyo watengenezaji wachache wa divai waliwarudia wazee wa Maule na Itata, ambao baadhi ya mizabibu yao ina zaidi ya miaka 200 na huishi kwa mvua tu, bila kumwagiliwa. Zabibu hupukuchuliwa kwa mkono juu ya wavu wa fito uitwao zaranda. Huchachuka kwa chachu yake yenyewe katika mapipa ya mti wa raulí. Salfa hutiwa kidogo sana, au haitiwi kabisa.

Tusidhani kwamba kutotia vitu ni uvivu. Divai ya namna hii isipoangaliwa hugeuka siki upesi. Anayeongeza kidogo hulazimika kukesha zaidi.

Nasi Kanisa tunalo neno hapa. Kanuni ya 924 ya Sheria za Kanisa yadai divai ya Ekaristi iwe ya asili, itokane na tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Kanisa halichagui aina ya zabibu: ya tajiri na ya maskini zote zafaa altareni. Basi, kile ambacho Bwana hakukidharau, sisi twakidharau kwa haki gani?

Hatari haijaisha. Moto wa mwaka 2017 na wa 2023 uliunguza mizabibu mikongwe huko, na mkulima asiyelipwa bei ya haki hatapanda tena. Tunapotoa vipaji altareni, tunatoa pia jasho la watu. Tujiulize: je, mkulima wa zabibu, wa mahindi au wa kahawa jirani yetu, tunamlipa stahili yake?

Kristo, Mzabibu wa kweli, atujalie macho ya kuona thamani ya walioachwa kando. Tunawatakieni Dominika njema.