Mpunga, Maji na Mikopo Yetu



Wenzetu wameandika habari za hisa na mfuko wa jamii. Sisi wa kamati ya mikopo tumeachiwa habari ya mpunga, maana hakuna biashara iliyotuletea maneno mengi kwenye vikao kama hiyo.

Mwaka wetu wa pili tuliwakopesha akina mama saba wa upande wa Bunda walime mpunga kandokando ya ziwa. Walivuna, hatukatai. Lakini siku ya marejesho ilipofika, fedha ilikuwa imekwisha kwenye petroli ya pampu. Kikao kile wengi mnakikumbuka. Mmoja wetu kutoka Musoma alisimama akasema, "Ziwa hili hapa mlangoni, maji yamewashindaje?" Watu wakacheka, lakini wale saba hawakucheka.

Ukweli ni kwamba maji ya ziwa ni ya bure yakiwa ziwani tu. Shamba liko juu, ziwa liko chini, na kila ndoo inayopanda inapanda kwa mafuta. Wazee wetu walilijua hilo bila kuambiwa. Mpunga ulipoenea Usukumani wakati wa ukoloni hadi kuwafikia majirani wa huku, ulienea kwa majaluba: unakata viwanja kwenye udongo mzito wa mbuga, unavizungushia kingo, mvua inajaa. Mvua ikiwa nzuri unavuna. Ikikatika mapema unabaki na majani ya ng'ombe, lakini hudaiwi na mwenye pampu.

Kuvuta maji ya ziwa nako si jambo la jana. Bonde la Bugwema, Musoma Vijijini, liliwekewa mradi wa umwagiliaji miaka ya 1970, na tangu hapo wazee wa huko wakikusikia unataja pampu wanauliza kwanza nani atalipia mafuta na vipuri. Tungewauliza wao kabla ya kutoa mkopo ule, tungepona.

Baada ya kikao kile tulianza kupiga hesabu, jambo ambalo tulipaswa kulifanya mwanzo. Ekari moja ni kama mita 4,000 za mraba. Maji ya kina cha sentimita 1 tu juu ya ekari hiyo ni lita 40,000, yaani ndoo 2,000 za lita 20. Pampu inayotoa lita 500 kwa dakika itanguruma dakika 80 kwa sentimita hiyo moja. Sasa angalia: kulowesha na kuvuruga tope kabla ya kupandikiza peke yake kunataka sentimita 15 hadi 25. Shamba la mpunga linalokaa na maji muda wote hutumia kama sentimita 130 hadi 150 kwa msimu mzima, mvua ikiwemo. Kwa sentimita 130 hizo ni ndoo 260,000 kwa ekari! Sehemu inanyweshwa na mvua, ndiyo, lakini mvua zetu za Mara mnazijua.

Tena udongo una neno lake. Kwenye mfinyanzi maji hupotelea chini milimita chache kwa siku. Kwenye kichanga cha pwani ya ziwa yanaweza kupotea mara kumi ya hapo. Wawili kati ya wale saba walikuwa wamekodi kichanga.

Tulipouliza wataalamu wa kilimo tukagundua kwamba wenzetu wa mbali walishapita njia hiyo. Kule Moshi, Tanzania ikisaidiwa na Japani ilimaliza mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi mwaka 1987. Mavuno yakapanda sana kwa mbegu ya IR54. Mafanikio yakawatamanisha majirani wa juu ya mto Rau, nao wakaanza kulima mpunga na kuyakata maji kabla hayajafika kwenye mradi. Tatizo hilo halikuwa la mvua. Lilikuwa la mpunga unaopendeza mno machoni pa jirani.

Njia nyingine ilitoka Madagaska. Huko padri Mfaransa, Henri de Laulanié, aligundua kwenye miaka ya 1980 kwamba mche mchanga wa siku 8 hadi 12, ukipandwa mmoja mmoja kwa nafasi ya sentimita 25, na shamba likiloweshwa na kuachwa likauke kidogo badala ya kufurika, huchipua kwa wingi. Hapa nchini tunaiita kilimo shadidi, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine waliijaribu na wakulima wa Mkindo, Morogoro. Kulowesha na kukausha kwa zamu peke yake, hata kwa miche ya kawaida, huokoa asilimia 15 hadi 30 ya maji ya kumwagilia.

Tulianza kwa jaluba moja tu. Unachukua kipande cha bomba la plastiki cha sentimita 30, unakitoboa matundu, unakizika nusu. Maji ndani yake yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, ndipo unawasha pampu. Mpunga ukichanua huukaushi, unauwekea maji.

Mafuta yalipungua, hilo kila mmoja aliliona. Ila kuna jambo wataalamu wengi hulitaja harakaharaka: yale maji yaliyofurika yalikuwa yanatupalilia. Udongo ukikauka, magugu yanafurahi, na jembe la palizi linashikwa na nani? Ni sisi. Mwenzetu wa Butiama alisema wazi kwamba petroli imehamia mgongoni. Ndiyo sababu msimu uliofuata kikundi kilinunua kipalilizi cha kusukuma, ambacho hutaka miche iwe kwenye mistari, na wale waliopanda holela hakikuwafaa kitu.

Kumwaga mbegu kavu tulijaribu pia. Unaokoa maji ya kuvuruga tope, lakini ndege na magugu walikula faida. Mpunga wa nchi kavu, ule wa NERICA, hautaki jaluba kabisa. Unafaa mlimani mvua ikikubali, na sisi mvua hatuikopeshi.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko ilivyokuwa imewahi kupimwa hadi wakati huo, likafunika majaluba ya chini. Mwaka huo hakuna aliyeuliza habari ya petroli.

Leo fomu ya mkopo wa mpunga ina maswali matatu: udongo ni wa aina gani, maji yanapandishwa kwa nini, na nani atapalilia. Wale saba walimaliza deni kwa misimu mitatu. Wanne bado wanalima mpunga. Mmoja wa wale wa kichanga siku hizi anauza dagaa.