Posho ya Mtoto Anayenyonya

Dada zangu, tukizungumzia msaada wa serikali kwa mama na mtoto mchanga, wengi wetu mawazo yanakwenda Ulaya. Leo nakupelekeni Madina, zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.), aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644 miladia.

Umar ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la wanaolipwa kutoka Baytul Mal. Watoto nao walikuwa na fungu lao, kwa sharti moja: mtoto awe ameshaachishwa ziwa. Ukilisikia huoni ubaya wake. Anayenyonya anakula kwa mama yake, ana gharama gani?

Imepokewa kwamba usiku mmoja msafara wa wafanyabiashara ulifika Madina, Umar akatoka pamoja na Abdurrahman bin Auf kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akamwendea mama, akamwambia amtizame mwanawe. Kilio kikarudi, naye akarudi. Mara ya tatu, usiku unakaribia kwisha, akamkemea. Mama hakumjua anayesema naye. Akamjibu kuwa amemchosha usiku kucha: anamwachisha mtoto ziwa, na mtoto hataki. Kwa nini, naye bado mdogo? Kwa sababu Umar hatoi posho ila kwa aliyeachishwa.

Alfajiri ile Umar alisalisha huku analia, hata watu hawakukisikia vyema kisomo chake. Alijilaumu kwa watoto waliokufa kwa ajili ya sharti lake. Kisha mnadi akatangaza kwamba watu wasiharakishe kuwaachisha watoto ziwa, maana kila anayezaliwa ana fungu lake. Amri ikaandikwa na kupelekwa majimboni. Kiwango kinachotajwa ni dirham 100 tangu kuzaliwa, na 200 mtoto akikua.

Mimi mama yule simlaumu. Alikuwa na shida, na sharti lilimwachia mlango mmoja tu. Lakini mtoto anayeachishwa mapema hunyweshwa maji na maziwa ya mnyama, ambayo kwenye joto hayakawii kuharibika. Kuharisha kunaanza, na kinga iliyomo kwenye maziwa ya mama ameshaikosa. Hofu hiyohiyo ndiyo iliyomfanya daktari Pierre Budin afungue kliniki ya wanaonyonya katika hospitali ya Charité, Paris, mwaka 1892. Watoto walipimwa uzito, mama wakahimizwa kunyonyesha, na waliopungukiwa wakapewa maziwa yaliyouliwa vijidudu kwa moto.

Sisi tunayo aya ya 233 ya Suratul Baqarah, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha na papo hapo ikataja chakula na mavazi ya mama. Na asiye na mama wala baba? Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja, Abu Jamila, aliokota mtoto aliyetupwa, akampeleka kwa Umar. Umar akamruhusu amchukue amlee: mtoto ni huru, na matumizi yake ni juu ya dola.